Kura kwa Ajili ya Jasper

Rathmorne, 9 Septemba 1798

Kaka Walter,

Nakusalimu wewe na mkeo Harriet, nikijua kwamba yeye hatauliza barua imetoka wapi. Sisi tuliobaki tu wazima. Mama hajalala kitandani mwake tangu Juni. Hulala kwenye kiti cha dirishani na kusingizia mgongo, ila sote tunajua anaitazama barabara. Viazi vimezaa vizuri na hakuna wanaume wa kuvichimba, kwa hiyo mikono ya dada yako siku hizi ungedhani ni ya kibarua. Kanisa letu sisi watu wa misa askari wamelichoma, la kwenu la Kiprotestanti halikuguswa. Baba aliyetugawa, nyinyi wavulana mwende naye kanisani kwake na mimi niende na Mama kwetu, sijui leo angecheka au angelia.

Ninaandika kwa sababu ya Jasper. Amehukumiwa kunyongwa. Sitakuficha kwamba alikuwa pale mlimani siku ya uasi, maana wilaya nzima ilimwona: mdogo wetu wa mwisho juu ya farasi uliyempa wewe, na vijana wetu nyuma yake na mikuki yao. Pamoja naye wamehukumiwa tisa wa kijiji hiki, akiwemo Mogue Kinsella, ndugu yake wa kunyonya. Waasi wengine walinyongwa siku ileile ya hukumu. Hawa kumi wamewekwa kwanza, na ofisa mmoja aliniambia sababu bila haya: hakuna anayetaka kumnyonga ndugu wa Lodi Rathmorne kabla Lodi mwenyewe, yaani wewe, hajasema neno.

Basi sema neno, Walter. Unakaa Bungeni na watu wanaotia saini. Sijakuomba kitu tangu uliponinyima yule mbwa wa Baba.

Dada yako,
Anstace


Dublin, 30 Septemba 1798

Dada yangu Anstace,

Barua yako imechelewa kunifikia. Njia za kusini bado zimejaa askari na mifuko ya posta inafunguliwa, kwa hiyo andika ukijua hivyo. Watoto wana kikohozi. Harriet anakusalimu, amesema hivyo kweli, usinune. Yule mbwa alikuwa wangu na aliniuma mara mbili, kwa hiyo kesi hiyo imekwisha.

Neno nimelisema. Nimelisema kwa mtu mmoja, ambaye jina lake huna haja nalo, katika chumba chenye moto mzuri na divai inayoshinda ya kwangu. Hukumu ya Jasper imesimamishwa. Nilipoinuka kuondoka nikawaombea na wale tisa. Yule bwana akacheka, akasema, "Chukua na hao, Lodi wangu. Kamba tumezitumia nyingi mno mwaka huu." Watahamishiwa kwenye meli ya wafungwa bandarini Waterford, na watakaa humo mpaka iamuliwe vingine.

Usiniulize nimeahidi nini. Sijaahidi kitu. Nimeambiwa tu niwe mtu mwenye subira na mwelewa wa mambo. Mwambie Mama alale kitandani.

Kaka yako,
Walter


Rathmorne, 2 Januari 1799

Kaka Walter,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa watoto. Huku theluji imeanguka, ng'ombe wawili wamekufa, na Mama amekubali kitanda ila kwa sharti kisogezwe dirishani. Ametaka nikuambie anakuombea kwa watakatifu wake, hata kama wewe huwatambui.

Nimekwenda Waterford kumwona Jasper. Nilifuatana na Siobhan Kinsella, mama yake Mogue, yeye aliyemnyonyesha Jasper na aliyewalilia wafu wote wa nyumba yetu kama mama yake alivyowalilia waliotangulia. Meli inanuka kabla hujaifikia. Jasper amekonda, ana ndevu, na ulimi wake ni uleule.

"Walter anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema uwe na subira."

"Muulize anauza nini."

"Hauzi kitu."

"Basi wewe humjui kaka yako. Hawa watu hawatoi bure hata maji ya bahari." Kisha akasema kwamba humo melini wana habari: serikali inataka Bunge letu livunjwe, mambo yetu yote yakaamuliwe London, na inatafuta kura. "Kama bei yangu ni hiyo, mwambie aniache ninyongwe. Mwambie nimesema nikiwa na akili zangu timamu."

Mogue alikuwa nyuma yake amejikunyata. Akasema, "Jisemee mwenyewe, bwana mdogo. Mimi nina mke, na ana mimba." Tukacheka wote, hata askari wa zamu.

Nimekufikishia ujumbe kama alivyoutoa. Sasa niambie wewe: bei ndiyo hiyo?

Anstace


Dublin, 10 Februari 1799

Dada yangu,

Nashukuru kwa habari za nyumbani, na pole kwa ng'ombe. Sisi tu wazima. Binti yangu mdogo ameng'oka jino akalitupa kwenye supu ya askofu aliyekuwa mgeni wetu.

Ndiyo, bei ndiyo hiyo.

Mswada wa kulifuta Bunge uliletwa mwezi uliopita ukaanguka. Siku hiyo mimi nilikuwa kitandani na mafua ambayo daktari hakuyaona, na wale wabunge wangu wawili wa Kilgarran walipatwa na mafua hayohayo. Unakijua kijiji cha Kilgarran: nyumba sita na mbuzi, na wabunge wawili ambao mimi ndiye ninayewateua. Mchezo huo hautafaa mara ya pili. Mswada utarudi, na yule bwana sasa amenieleza waziwazi. Nikisema ndiyo, na watu wangu wawili wakisema ndiyo, wote kumi wataachiwa. Nikisema hapana, hukumu bado iko kwenye saraka yake na haijafutwa.

Unakumbuka nilivyosimama mbele ya mkutano wa wilaya nikasema kwamba anayepiga kura ya kulifuta Bunge la nchi yake anaichoma nyumba na mama yake yumo ndani. Walinibeba mabegani. Jasper ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Nikuambie kweli yangu. Kwa ajili ya Jasper nitafanya. Kwa ajili ya mwingine nisingefanya. Wale vijana tisa nawasikitikia, lakini kila bwana wa nchi hii alikuwa na vijana tisa, na nchi haiuzwi kwa sababu hiyo. Jasper akitutoka humo melini, Mungu apishe mbali, siku hiyohiyo nitasimama niseme hapana mbele ya watu wote, na yule bwana afanye atakavyo.

Wewe waonaje? Niambie. Usiniachie mzigo huu peke yangu.

Walter


Rathmorne, 14 Aprili 1799

Kaka,

Salamu za Pasaka. Mama anakula. Mke wa Mogue amejifungua mtoto wa kiume, mkubwa kama ndama, na bado hawajampa jina.

Unataka nikuambie ili kesho iwe mimi ndiye niliyesema. Sisemi. Mimi sina kura. Hata ile misa yangu nasali ghalani. Ila ujue kwamba kila asubuhi Siobhan na mama za wale wengine wanane wanapita chini ya dirisha langu kwenda kukuombea, na wananiamkia kana kwamba mimi ndiye wewe.

Jasper ana homa. Wengi melini wanayo. Mpelekee blanketi zito na divai. Mkono wako watauheshimu kuliko wangu.

Anstace


Dublin, 25 Agosti 1799

Dada yangu Anstace,

Miezi minne sasa bila mstari wako hata mmoja. Natumaini Mama ni mzima, na viazi vinaendelea. Hapa watoto wamepona, na Harriet ana furaha ambayo sijaiona tangu harusi yetu, anabadilisha mapazia.

Blanketi nililipeleka Juni, pamoja na divai. Sijui kama lilimfaa Jasper. Nieleze hali yake kwa namna utakayoona inafaa. Sitakuhoji.

Bunge litafunguliwa Januari na mswada utaletwa tena. Watu wananisimamisha barabarani kuniuliza niko upande gani. Nawaambia niko upande wa chakula cha mchana, wanacheka, napita. Niandikie, Anstace. Habari zozote za nyumbani zitanifaa, hata za kuku.

Walter


Rathmorne, 3 Oktoba 1799

Kaka Walter,

Tumevuna. Mama yupo, hazungumzi sana. Kuku wanataga.

Jasper hasumbuliwi tena na homa. Hakosi kitu. Mogue na wenzake wako palepale walipo, na mama zao bado wanapita dirishani asubuhi.

Ulisema utafanya kwa ajili ya Jasper. Nakushika kwa neno hilo, sina jingine la kusema.

Anstace


Dublin, 13 Februari 1800

Dada yangu,

Nakusalimu. Sina habari za watoto, kwa kuwa wamepelekwa kwa bibi yao mpaka mitaa itulie.

Nimesema ndiyo. Wale wawili wa Kilgarran walikwisha kusema ya kwao katika baraza lao la chini wiki moja kabla. Zamu yangu ilipofika nilisema kwa sauti ndogo, karani akaniomba nirudie, nikarudia. Mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa Baba, aliyenishika mkono siku ya kwanza nilipoingia ukumbini, alikuwa amekaa jirani yangu. Akachukua kofia yake akahamia kiti kingine, bila hasira, kama mtu anayekwepa upepo wa mlangoni.

Nje walikuwa wananingoja. Walilipaka tope gari langu la farasi, na mwanamke mmoja muuza samaki akaingiza kichwa dirishani akaniuliza, "Umeuza na mama yako, au yeye umembakiza?" Mwendesha gari wangu alitaka kumpiga mjeledi nikamzuia. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Amri ya kuwaachia imetiwa saini. Watafika kwenu kabla mwezi ujao haujaisha. Sasa Mama aweza kutazama nje ya dirisha lake vizuri.

Walter


Rathmorne, 21 Machi 1800

Kaka Walter,

Salamu. Mama hajambo. Vijana wamerudi, tisa. Mogue amemkuta mwanawe anatambaa.

Jasper hakurudi. Jasper alifariki mwaka jana, tarehe kumi na tisa Juni, kwa homa ileile.

Niache nieleze moja kwa moja, nikisimama sitaweza kuendelea. Mkuu wa zamu alitukabidhi maiti, mimi na Siobhan, tukaileta nyumbani ndani ya mkokoteni wa nyasi. Tulipomlaza mezani, Siobhan akafungua nywele zake na kusimama kichwani pake, kama alivyosimama kwa Baba. Unaijua sauti yake. Akianza, wa ng'ambo ya mto husikia na kuja, na wanaokuja huuliza ni nani, na kesho yake mji mzima unajua, na posta inaondoka kwenda Dublin. Mimi nilikuwa na barua yako mfukoni, ile uliyosema Jasper akifa utasimama useme hapana. Nikaisoma kwa sauti, mbele yake na mbele ya Mama. Siobhan akabaki kinywa wazi. Kisha akasema, "Nikimlilia huyu, nimemnyonga Mogue." Akafunga nywele zake akakaa chini.

Hatukumlilia, Walter. Hatukukesha naye, hatukugawa tumbaku, mlango tuliufunga. Mama alikaa pembeni yake mpaka asubuhi na kitambaa kati ya meno, na kilipotolewa kilikuwa na damu. Tulimzika alfajiri kwenye magofu ya abasia ya watawa, kando ya Baba, tukarudisha majani juu ili paonekane hapakuchimbwa. Mtoto wa ukoo wetu wa Rossiter, amezikwa kama kitu kilichoibiwa. Familia zote tisa zilijua. Miezi tisa hakuna aliyefungua mdomo, hata walevi, hata watoto.

Siku vijana waliporudi, Siobhan alimpita mwanawe mlangoni bila kumgusa, akaenda moja kwa moja kaburini. Alimlilia Jasper mpaka sauti ikakatika, na wanawake wengine wakapokea. Kila aliyesikia alikuja.

Nilikudanganya ili useme ndiyo. Niliweka vijana tisa upande mmoja na heshima yako upande wa pili, nikachagua, na tena ningechagua vilevile. Lakini umepakwa tope mjini kwa ajili ya maiti, na aliyekufanyia hivyo ni mimi. Nichukie ukitaka.

Anstace


Dublin, 6 Aprili 1800

Anstace,

Ningekuwa mtu mwema zaidi ningeipokea barua yako kwa kilio na kukusamehe, na ungeishi na hilo vizuri. Nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Lilikuwa linanivutia.

Nilijua. Blanketi lilirudi Julai, limefungwa vilevile, na mstari mmoja wa daktari wa meli: mfungwa huyu hayupo tena, bwana. Nilipokuandikia Agosti nilikuwa najua, na nilipopata jibu lako niliona jinsi ulivyokwepa kila neno la uongo, nikakupenda sana. Yule bwana naye alijua. Tulikaa kwenye moto wake mzuri tukaulizana habari za Jasper, naye akasema anaamini kijana anaendelea vyema.

Kwa hiyo hukunidanganya. Nilikuwa huru kusema hapana, na sikusema. Ningependa kukuambia nilisema ndiyo kwa ajili ya wale tisa. Kuna asubuhi ninaamka nikiamini. Lakini Novemba, nilipokwisha kujua kwamba siuzi tena kwa ajili ya ndugu yangu, nilimwendea yule bwana nikamwambia bei imebadilika. Nikaomba kupandishwa daraja kati ya malodi. Kuanzia kiangazi hiki Harriet atapita mlangoni mbele ya wanawake ambao miaka yote wamempita yeye, na mapazia yale aliyabadilisha mapema kwa sababu wazo lilikuwa lake kabla halijawa langu. Wale tisa sikuwataja siku hiyo. Walibaki ndani ya mapatano kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwatoa.

Hakuna mwingine anayejua haya, wala sijui kwa nini nakuandikia, ila labda nimechoka kusalimiwa na watu wanaofanana nami.

Nataka kuja Juni kuliona kaburi. Nyumba ni yangu lakini nakuomba ruhusa wewe. Ukisema nisije, sitakuja.

Walter


Rathmorne, 18 Mei 1800

Kaka,

Mama hajambo. Viazi tumepanda.

Barua yako niliichoma. Nilitaka kukuandikia usije. Nilikwisha kuandika hivyo. Lakini mkeo alimwandikia msimamizi wa nyumba aandae vyumba, msimamizi akamwambia Mogue, na sasa kijiji kizima kina habari.

Wamekusanya kuni za mioto, kuanzia darajani mpaka langoni, kuliko za harusi yako. Wamekubaliana kuwafungua farasi wako darajani na kulivuta gari wenyewe, wote tisa. Mtoto wa Mogue hatimaye amepewa jina, ameitwa Walter. Nilijaribu kuwazuia. Nilimwambia Mogue kwamba nyumba ina msiba na wewe hupendi makelele.

Akaniambia, "Bibi Anstace, sisi si wajinga. Lodi asingekosa kujua. Ndugu yake amekufa, hana tena cha kuokoa kwake, angeweza kutuacha tuning'inie na kubaki na jina lake safi. Akalichafua kwa ajili yetu, watu asiotujua hata sura. Mtu kama huyo tumpokee kimya?"

Unaona, wao, tangu waachiwe, hawakuamini hata siku moja kwamba ulidanganywa. Walijua kwamba ulijua. Nilisimama mbele ya Mogue nikitafuta katika maneno yake neno moja la uongo la kusahihisha, na halikuwapo, isipokuwa ile sababu yako.

Kwa hiyo njoo. Usije usiku wala kwa njia ya nyuma. Ukifika langoni ushuke, uwape mkono mmoja mmoja, uwatazame usoni wanapokushukuru, na mama zao wakikubusu vidole usivivute. Siobhan ametunga maneno ya kukusifu na atataka uyasikilize mpaka mwisho. Mimi nitakuwa nimesimama kando yako na Mama, na sitasema kitu.

Anstace